Chumba cha Anitha

Faili lile hakuliweka yeye. Filipo alilikuta asubuhi, alipoketi na kikombe cha chai mbele ya seva. Lilikuwa ndani ya chumba cha Anitha, halina jina.

Redio yao ilikuwa ndogo, vyumba vitatu vya jengo la zamani la shamba la mkonge pale Kimamba, lakini hewa ikiwa nzuri sauti yake ilifika mpaka Mikumi. Samson, mwandishi wao wa huko, alikuwa akituma habari na salamu za wasikilizaji kwa simu, nyingine zikachelewa, nyingine zikapotelea njiani, mpaka bosi akachoka. Akamwagiza Filipo, fundi mitambo wake, atengeneze seva ya kupokelea mafaili kwa usalama. Filipo kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva, hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliijenga kama nyumba ya kupangisha: kila mtumaji na chumba chake, akiingia haoni cha mwenzake, na haingii kwa neno la siri bali kwa ufunguo ambao nusu umebandikwa mlangoni na nusu anatembea nayo mwenyewe. Faili la salamu likishafika chumbani, kipindi cha salamu cha Jumamosi mchana kinalichukua chenyewe na kulirusha hewani, mkono wa mtu haugusi. Filipo alijivunia hilo kuliko yote.

Kabla ya kumpa Samson ufunguo alitaka kujaribu. Chumba cha majaribio lazima kiwe na jina la mtumiaji, na Filipo, baba anayempenda bintiye mpaka majirani wanamtania, aliandika Anitha. Akakiunganisha na kipindi vilevile, akasema atakiondoa baadaye.

Kwao milimani, nyumba mpya haitajiwi jina la mtu ndani yake mpaka moto uwashwe na mtu alale humo. Ukitaja mapema, umemgawa huyo mtu kwa mpangaji usiyemjua. Filipo alilijua hilo tangu ananyonya. Ila nani angedhani kwamba seva nayo ni nyumba?

Alivaa hedifoni akalifungua faili. Mtoto alikuwa akicheka. Kilikuwa kicheko cha Anitha hasa, na kile kikwaruzo cha kifua kinachokuja mwishoni. Nyuma yake mtu alikuwa akiimba bembelezi, mdomo umefungwa. Ndipo harufu ikamjia, ya mkonge uliolowekwa ukaoza, wakati mitambo ya mkonge pale ilinyamaza kabla yeye hajazaliwa.

Alitazama ni nani aliyeingia. Aliingia kwa ufunguo halali, na hakutokea mtandaoni. Alitokea ndani ya seva yenyewe.

Jioni mkewe, Magdalena, alimpokea mlangoni kwa sauti ya chini. "Mtoto hacheki leo. Nimemtekenya, ananitazama tu. Na nywele zake zinanuka, sijui ni nini, kama katani mbovu."

Kesho yake chumbani mlikuwa na faili la pili, la kilio, na Anitha alipojikwaa kizingitini damu ikamtoka asilie. Likaja la tatu, maneno yake yote ya kitoto, na siku hiyo mtoto akawa bubu. Filipo akaelewa, akaogopa kama hajawahi kuogopa. Mtoto wake alikuwa akihamishwa.

Alimpigia mama yake, Paulina, akateremka kutoka milimani. Bibi alinusa nywele za mjukuu, kisha akamvuta mwanawe nyuma ya jiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemtaja mtoto kwenye nyumba tupu. Nyumba gani?"

Filipo akamweleza, akitegemea atacheka. Hakucheka.

"Huyo mpangaji ana kicheko, ana kilio, ana maneno," alinong'ona. "Imebaki salamu. Atakuamkia kwa sauti ya mtoto. Usimwitikie, mwanangu. Ukisema marahaba umekubali kwamba huyo ndiye wako, na huyu wa mkekani atabaki ganda."

"Magdalena nimwambieje?"

"Usimwambie. Kifua cha mama mzazi hakibebi hili."

Jumamosi wakaenda wawili studio. Paulina aliwasha moto wa kuni chini ya dirisha, akanyunyiza unga, akawataja waliotangulia mmoja mmoja, lakini moshi ulifika dirishani ukageuka. Ndani, Filipo aliiamuru seva ifute chumba cha Anitha. Seva ikajibu kwamba mtumiaji yumo ndani, hawezi kufutwa. Akarudia, jibu likawa lilelile. Basi akachomoa waya wa umeme ukutani, kioo kikazima, na kabla hajaushusha mkono simu ikaita, Magdalena akisema mtoto hapumui, Filipo, mtoto hapumui, naye akauchomeka waya ule, akasimama pale akiitazama mistari myeupe ikipanda kiooni mmoja baada ya mwingine, polepole kana kwamba mashine ile haikudaiwa roho ya mtu, huku sikioni mkewe akilitaja jina la mtoto na la Mungu bila kuyatenganisha, mpaka mstari wa mwisho ulipopanda na Magdalena akavuta pumzi akasema, amerudi.

Maji yalikwisha kuzidi unga. Kuizima hawezi, kuiacha hawezi. Filipo akaketi.

Harufu ya mkonge ikajaa chumba, na spika zikakwaruza.

"Shikamoo baba."

Akauma mkono wa shati. Kwa watu wa huku, kumnyima mtoto marahaba ni kumkana.

"Baba, shikamoo. Baba, mbona huniitikii?"

Machozi yalimtoka lakini mdomo hakuufungua. Sauti ikaomba, ikasihi, mwisho ikanyamaza. Harufu ikapungua, na Filipo akathubutu kufikiri kwamba ameshinda.

Ndipo akasikia, kutoka redio ya kijiwe cha bodaboda nje, muziki wa kufungulia kipindi cha salamu. Alikuwa amesahau kwamba chumba kile alikiunganisha na kipindi. Aliruka kwenye kibodi, lakini sauti ile ilikuwa tayari hewani, nyembamba, yenye adabu.

"Shikamoo mama."

Simu ikaita. Magdalena alikuwa akilia na kucheka.

"Filipo, ameongea! Nilikuwa nje naanua nguo, nikamsikia ndani ananiamkia. Nimemwitikia, baba Anitha. Nimemwitikia mpaka majirani wamesikia."

Filipo aliachia kibodi.

"Sasa nimeingia ndani," mkewe akaendelea, sauti ikishuka. "Kumbe ni redio. Mtoto yuko palepale mkekani. Namwita, ananitazama. Filipo, hanijui."

Na ndani ya spika, nyuma ya mgongo wake, Anitha alicheka, na kifua kikamkwaruza mwishoni.