King'ora cha Saa Kumi

Ilipofika saa kumi jioni, Chiriku alibandika sufuria ya maji motoni, kama alivyofanya kila siku. Hakuna aliyemtuma. Zamani kilichokuwa kikimtuma ni king'ora cha kiwanda cha nyuzi. Kikilia tu, alijua mama yake amezima mashine ya kusokota, amejikung'uta, na baada ya dakika kumi na mbili atagonga mlango kichwa kizima kikiwa cheupe kwa pamba, kama mtu aliyemwagiwa unga. Maji yalipaswa kuwa tayari, ili aoge kabla hajamkumbatia mtu.

Kiwanda kilifungwa Chiriku akiwa na miaka tisa. Wakubwa walikuja na magari ya vioo vyeusi, wakapiga picha, wakasema kinafungwa kwa muda tu. Muda huo haujaisha hadi leo. King'ora kilishushwa, kikabebwa na lori la vyuma chakavu. Mwaka uliofuata mama naye akaondoka duniani, kifua kimemjaa vumbi la pamba, kwa kuwa barakoa za wafanyakazi ziliishia kwenye karatasi za ofisini. Sasa Chiriku ana miaka kumi na miwili, na maji yale huyaoga baba. Huyapokea, husema, "Asante, mama," na hakuna anayeuliza zaidi.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake kwa sababu alikuwa akiongea kutwa nzima. Siku hizi alikuwa Chiriku wa jina tu.

Shuleni kwao kulikuwa na chumba cha kompyuta. Kompyuta zilifika kwanza, umeme ukafuata baada ya miaka miwili. Baba yake Chiriku, aliyekuwa fundi mitambo kiwandani na sasa alitengeneza feni na pampu za watu barazani kwake, alipenda kusema kwamba waliozileta walidhani zinatumia mafuta ya taa.

Muhula huo mwalimu wa kompyuta, dada mmoja kijana asiyechoka kuulizwa, aliwafundisha programu ya kuunda sauti. Kwenye kioo ilionekana kama redio kubwa yenye swichi nyingi za kuzungusha.

"Siku ya wazazi kila mmoja wenu ataleta sauti moja ya mji wetu," alisema. "Ataiunda mwenyewe kuanzia mwanzo. Humu ndani mna sauti zilizotengenezwa tayari na watu wengine. Hizo ni za kusikiliza tu. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Rafiki yake Chiriku, msichana aliyeitwa Miwani kwa sababu ya miwani yake mikubwa, alichagua mvua. "Na wewe?"

"King'ora."

"Cha polisi?"

"Cha kiwanda."

Miwani aligeuka akamtazama. Bibi yake naye alisokota nyuzi pale.

Jioni ile Chiriku alimkuta baba ameifungua feni, vipande vimetandazwa juu ya gazeti. "Baba, utakuja siku ya wazazi?"

"Nikae juani nisikilize hotuba ya mgeni rasmi? Yule wa mwaka juzi alituahidi ukuta. Mbuzi wanaingia darasani mpaka leo, nadhani wengine wameshafika darasa la tano."

"Utasikia king'ora."

Baba aliweka bisibisi chini. "King'ora gani?"

"Chetu."

Alichukua parafujo moja, akaigeuzageuza vidoleni kwa muda mrefu. "Nitakuja," akasema.

Chiriku alianza kazi kwa bidii, ila aliianza vibaya. Kila alichoona kimepungua alikiongeza. Sauti ilikuwa nyembamba, akaongeza ya pili. Haikutosha, akaongeza ya tatu, kisha mwangwi, kisha mngurumo chini yake. Siku ya nne kikawa kama trekta lililokwama topeni.

"Hiki kikilia," alisema Miwani akivua spika za masikioni, "wafanyakazi hawatatoka, watakimbia."

Kesho yake walitakiwa kumsikilizisha mwalimu. Miwani alipotoka, Chiriku alifungua zile sauti zilizotengenezwa tayari. King'ora kilikuwapo, safi, kimenyooka. Alikishusha kidogo kisijulikane, akakihifadhi kwa jina lake.

"Kizuri sana!" mwalimu alisema siku iliyofuata. "Umekiunda mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Darasa zima likapiga makofi. Miwani peke yake hakupiga. Alikuwa akifuta vioo vya miwani ambavyo havikuwa na vumbi.

Wiki hiyohiyo feni ya chumba cha kompyuta ikaharibika, na fundi aliyeitwa alikuwa baba yake Chiriku. Mwalimu alipomwona juu ya ngazi alisema, "Fundi, hebu shuka usikilize kazi ya mwanao."

Baba alishuka. Alijifuta mikono kwa kitambaa, ingawa ile grisi haikuwa ya kutoka, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kifuani. Akafumba macho. King'ora kikalia mpaka mwisho, na bado hakuyafumbua.

"Kizuri," alisema hatimaye, akapanda ngazi yake.

Jioni, baada ya kuoga, hakwenda barazani. Alikaa jikoni. "Mama, leo nilikuwa nimejiandaa kulia. Nikafumba macho kabisa, nikangoja. Sikumwona."

"Hukumwona nani, Baba?"

"Unamjua."

Chiriku alitazama sufuria tupu. Maneno yalimtoka moja moja. "Sikukitengeneza. Nilikichukua mle ndani. Kilitengenezwa na watu wengine, nikasema ni changu."

Baba hakumgombeza. Ingekuwa nafuu angemgombeza.

"Wale waliofunga kiwanda nao walikuja na maneno yaliyotengenezwa tayari," alisema polepole. "Mazuri, yamenyooka, na hayatuhusu. Wao sina la kuwafanya. Lakini wewe, humu nyumbani mwetu?"

Asubuhi Chiriku alimngoja mwalimu mlangoni, akamweleza yote kabla woga haujamrudisha nyuma.

"Nilikusifu mbele ya darasa zima," mwalimu alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Nami nitasema mbele ya darasa zima."

Akasema. Mvulana mmoja wa nyuma akalia king'ora kwa mdomo, "Wiii!", darasa likaangua kicheko. Chiriku alisimama palepale mpaka wakamaliza kucheka. Ndipo mwalimu alipompa mapumziko matatu ya kujaribu upya.

Mapumziko ya kwanza mwalimu alikaa naye akasikiliza lile trekta lake. "Mbona umejaza namna hii? Kazi hii si kama kupika, kuongeza na kuongeza. Ni kama kuchonga." Akafuta kila kitu, akaacha sauti moja tu. Ilikuwa kali, ya kukwaruza, kama nyuki elfu ndani ya debe.

"Hili linaitwa wimbi la msumeno," alisema. "Lina sauti zote ndani yake, nene na nyembamba. Na hili hapa ni chujio. Ukizungusha hivi, linakata zile nyembamba za juu na kuacha nene za chini. King'ora chako kimo humu tayari. Kazi yako ni kuondoa kisichokuwa chake."

Nyumbani Chiriku alichukua daftari akamfuata baba barazani. "Kilikuwa kinaanzaje?"

Baba aliuliza kwanza, "Cha nani safari hii?"

"Changu. Nimeshasema shuleni."

Baba alimtazama, kisha akamsogezea kigoda. "Kilianza chini, polepole, kama mzee anayenyanyuka kitini. Mota yake ilikuwa imechoka. Kikifika juu kilitetemeka, kwa sababu beringi inayobeba mhimili wake ilikuwa imelika. Miaka mitatu niliomba beringi moja! Barua nilizoandika zingetosha kufungia maandazi ya mji mzima." Akacheka kidogo, cheko kavu. "Na kushuka, kilishuka taratibu kuliko kilivyopanda."

Mapumziko ya pili Chiriku aliyapanga yote: kupanda kwa mota iliyochoka, mtetemo wa beringi, kushuka taratibu. Kila kitu kilikuwa sawa, lakini hakikuwa chenyewe. Kilimchoma masikio, basi.

"Ulikuwa ukikisikilizia wapi?" baba alimuuliza jioni.

"Hapa jikoni. Mlango nimefunga, moshi usiende chumbani."

"Sasa kwa nini unakiliza kama uliyesimama chini ya mlingoti wake? Mimi ndiye niliyekuwa chini yake, na ndiyo maana sikio hili la kushoto halisikii vizuri. Wewe ulikuwa mbali, mama."

Mapumziko ya tatu na ya mwisho, Chiriku alivaa spika za masikioni akashika swichi ya chujio. Akafumba macho, akajirudisha jikoni. Kati yake na kiwanda kulikuwa na uwanja wa mpira. Akazungusha kidogo, ukali ukapungua. Kisha zile nyumba za mabati. Akazungusha tena. Kisha mlango wa mbao, umefungwa. Akazungusha mara moja zaidi, na sauti ikawa nzito, ya mbali, kama inayopita katikati ya jioni nzima kabla haijamfikia.

Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, ukatafuta sufuria.

Miwani alimwona akilia. Alimpa kitambaa chake cha kufutia miwani.

Siku ya wazazi mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili, na alipofika akaongea kana kwamba yeye ndiye aliyengojwa na watu wale maisha yao yote. Baada yake ndipo watoto wakapewa nafasi. Mvua ya Miwani iliwafanya kinamama wawili watazame juu. Jogoo wa yule mvulana wa nyuma aliwika kama pikipiki isiyowaka, watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Mwisho kabisa, mwalimu alibonyeza king'ora.

Kilinyanyuka polepole. Kikatetemeka juu. Bibi yake Miwani, aliyekuwa safu ya mbele, aliinua mkono akaanza kufungua kitambaa cha kichwa, kama alivyofanya miaka ishirini kila zamu ilipokwisha. Kando yake wanawake wengine watatu waliokota mikoba yao chini ya viti, kisha wakabaki wameishika, hawajui waende nayo wapi. Kikashuka taratibu.

Chiriku alimtafuta baba kwa macho. Alimwona nyuma kabisa, amesimama, kofia mkononi, mashavu yamelowa wala hayafichi.

Walikutana getini. "Kile cha kwanza kilikuwa kisafi kuliko hiki," baba alisema. "Hiki kina kutu. Lakini kazi ya mtu mwingine, hata iwe safi vipi, haiwezi kukuletea mtu wako. Sikiliza, mama. Ukisema umefanya, uwe umefanya kweli, kwa mkono wako na kwa muda wako. Wa kusema tu tunao wengi, nao hukaa viti vya mbele. Wewe usiwe mmoja wao."

"Sitakuwa, Baba." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Safari hii ulimwona?"

Baba alivaa kofia, akaishusha kidogo usoni. "Alikuwa njiani anakuja."

Baba akatazama saa yake ya mkononi. "Tuna dakika kumi na mbili," alisema. "Twende tukabandike maji."

Na Chiriku akaanza kuongea, akaongea njia nzima mpaka nyumbani.