Nani Alimwosha Mwalimu Kokuberwa?

Jeneza lilibakiza hatua kumi tu lifike kaburini. Lilikuwa mabegani mwa wanaume sita, kwaya ikiimba kwa nguvu zake zote, pale Inspekta Yuliana Hyera alipopenya katikati ya watu na kunyoosha mkono.

"Polisi. Tueni chini."

Kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Wabebaji wakatazamana, jasho likiwatiririka. Kwetu huku mtu huzikwa kwanza, maswali huja baadaye, na hakuna aliyewahi kufundishwa afanye nini askari akisimama mbele ya jeneza.

"Nyie ni polisi wa wapi msiojua adabu ya msiba?" aliuliza mwanaume mrefu mwenye joho jeupe. Alikuwa Mtumishi Benjamin, kiongozi wa Nyumba ya Saa ya Mwisho, kundi la dini lililojenga ukuta wake mrefu hapo Boko miaka minne iliyopita.

"Wa hapa hapa Boko," alijibu Inspekta. "Sajenti Mudathir, hakuna mtu kutoka nje ya ukuta huu."

Chanzo cha vurugu zote hizo kilikuwa mwanamke mmoja mfupi mwenye baibui, aliyefika kituoni saa tatu asubuhi hiyo ya Jumamosi na kukataa kukaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mama," Inspekta alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Rafiki yangu anazikwa leo saa sita, na hajafa."

"Umejuaje kuwa hajafa?"

"Hajaoshwa."

Askari wa zamu alicheka. Inspekta hakucheka, na hiyo ndiyo tofauti ya askari na mpelelezi.

Bi Hamida Mfaume, Mmwera wa Lindi, alikuwa mwosha maiti za wanawake kwa miaka ishirini. Rafiki yake, Mwalimu Kokuberwa, Mhaya wa Muleba, alikuwa mjane na mstaafu wa miaka sabini na minne, asiye na mtoto. Nyumba zao ziligusana uani kwa miaka ishirini na miwili. Kisha Mwalimu akafiwa na mume, Mtumishi Benjamin akaja kumfariji, na faraja ikazidi kipimo. Miezi minane iliyopita akahamia ndani ya ukuta. Simu ikachukuliwa. Kliniki ya kisukari ikakatazwa, kwa kuwa dawa, walisema, ni kukosa imani.

"Kila Ijumaa nimekwenda pale langoni," alisema Bi Hamida. "Kila Ijumaa naambiwa mama yuko kwenye maombi. Maombi gani hayo ya miezi minane? Nilikuwa silali, mwanangu. Halafu jana nasikia kwenye spika: Mwalimu ametwaliwa, kama Mtumishi alivyotabiri!"

"Alitabiri?"

"Wiki tatu nzima! Ijumaa hii, alisema, Mama Mwalimu atatwaliwa. Nikakimbia. Nikawaambia nipeni nimwoshe, au basi nishike hata kata ya maji. Wakasema ameshaoshwa na wamama wa ndani. Nikakaa na hao wamama mpaka magharibi. Uani pakavu. Karai halijalowa. Hakuna sabuni iliyotumika, hakuna nguo ya kutupa. Na mtu aliyeosha maiti mie namjua, ananusanusa mikono yake kila saa. Pale hakuna aliyenusa."

Inspekta alimpigia simu mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kibali cha mazishi? Hakuna. Wahusika walimwambia watakifuata baada ya kuzika.

Kibali cha mazishi baada ya kuzika! Inspekta Yuliana alichukua kofia yake.

Ndiyo maana sasa jeneza lilikuwa chini, na Inspekta alikuwa ameingia kwenye chumba cha maombi chenye meza moja. Aliwaita wanawake mmoja mmoja. Swali lilikuwa moja tu.

"Nani alimwosha marehemu?"

"Gladness," alisema Marietha, mpishi wa kundi, mikono ikinuka vitunguu.

"Ulimwona akiosha?"

"Hapana. Lakini nani mwingine?"

Akaingia Gladness, mlezi wa wanawake.

"Nani alimwosha marehemu?"

"Wamama wa kwaya."

"Nani kati yao?"

"Mtumishi alisema wameshamaliza. Huku hatuulizi."

Mama wa kwaya alijibu haraka kuliko wote. "Marietha na Gladness."

Inspekta alifunga daftari. Mwanaume aliyepanga msiba huo alikumbuka jeneza, kaburi, spika na hata maua. Alisahau kuosha, kwa sababu maisha yake yote kazi hiyo ilifanywa na wanawake nyuma ya mlango uliofungwa, naye alipewa tu mwili safi wa kuombea. Njia ya mwongo ni fupi.

Alitoka nje. "Fungueni jeneza."

"Atakayelifungua atapigwa upofu!" Mtumishi Benjamin alipaza sauti. Watu wakarudi nyuma. Hata Sajenti Mudathir, mtu wa miraba minne, alisita na bisibisi mkononi.

Bi Hamida alimnyang'anya ile bisibisi. "Nimefumba macho ya maiti wangapi, wala yangu hayajapofuka. Nipishe."

Misumari minne ya skrubu ikatoka. Kifuniko kikasogea. Shuka jeupe. Bi Hamida akalifunua kwa mkono wa mtu aliyezoea.

Ndani hamkuwa na Mwalimu Kokuberwa. Mlikuwa na mgomba uliokatwa usawa wa mtu mzima, na mawe mawili ya kuongeza uzito.

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika hadi barabara ya Bagamoyo. Wapo waliokimbia, wapo waliopiga magoti. Na Mtumishi Benjamin, tumpe haki yake, alikuwa mwepesi wa akili kama panya wa ghala.

"Amenyakuliwa!" aliita, mikono juu. "Mwili umepaa, Bwana ametuachia mti! Haleluya!"

"Haleluya!" watu kama ishirini wakaitikia.

Inspekta aliinama, akagusa kitako cha mgomba. Utomvu ulimnata kidoleni. Alama za panga zilionekana wazi, tatu, na nyuma ya jiko la kundi palikuwa na shamba la migomba lenye pengo moja jipya.

"Mbinguni nako wanakata kwa panga?" aliuliza. "Mudathir, mtie pingu."

Haleluya zikaisha.

"Yuko wapi?" Bi Hamida alimshika Inspekta mkono kwa nguvu. "Ana sukari, mwanangu. Miezi minane hana dawa. Kama wamemfungia mahali bila chakula hafiki kesho!"

Benjamin aliinua macho juu, akaanza kuomba. Kumhoji pale kungekula saa nzima, na saa nzima hawakuwa nayo. Inspekta akafuata harufu ya chakula. Penye mtu aliyefichwa, mtu huyo anakula.

Jikoni palikuwa na masufuria mawili ya wali, makubwa ya kutosha kuogeshea mtoto. Pembeni, juu ya jiko dogo la mkaa, palikuwa na kisufuria kidogo cha uji wa ulezi, na hotpoti tupu ikisubiri.

"Uji wa nani huu, Marietha?"

"Wa fundi mgonjwa. Nilianza kuupika jana."

Inspekta alionja kwa ncha ya kijiko. "Hauna sukari."

"Benson ndiye aliyeniambia nisitie. Msaidizi wa Mtumishi. Yeye ndiye anaupeleka kwa pikipiki."

"Anaupeleka wapi?"

"Sijui. Huku hatu..."

"Hamuulizi, nimeshasikia. Hotpoti ikirudi inakuwaje?"

Marietha alifikiri, kisha macho yakamtoka. "Inakuwa na unga wa mbao. Kwenye mfuniko. Jana nimeiosha mara mbili, nikanung'unika."

"Jeneza mlinunua wapi?"

"Hatununui. Tuna karakana yetu ya mbao, Tegeta, nyuma ya..."

Nje pikipiki ilinguruma. Sajenti Mudathir alipaza sauti: "Afande! Kuna mtu kapita langoni na pikipiki! Ni yule Benson!"

Hapo ndipo mambo yalipochemka. Benson alikuwa na dakika mbili mbele yao. Gari la polisi liliruka langoni, Marietha kiti cha mbele akionyesha njia, Bi Hamida nyuma bila kuombwa. Walikwenda vizuri hadi walipoingia barabara kuu. Kisha Tegeta ikawa Tegeta. Malori, mabasi, magari ya watu wa shopingi ya Jumamosi, yote yamesimama kama yamepandwa.

"Shukeni!" Inspekta alifungua mlango kabla gari halijasimama sawasawa. Akasimamisha bodaboda tatu. "Polisi. Mfuateni huyu dada, anajua njia. Haraka!"

Bi Hamida, miaka sitini na minane, alipandisha baibui na kukaa nyuma ya dereva wake. "Ukiniangusha," alimwambia, "nakuosha mwenyewe."

Dereva huyo alikwenda kwa uangalifu ambao hajawahi kuwa nao, lakini alikwenda. Walipita kati ya malori, wakakata uchochoro wa maduka ya vioo, wakapanda mtaro, wakashuka. Inspekta alikuwa amesimama kwenye vikanyagio, kofia imeshadondoka zamani, na ndani ya kifua chake kulikuwa na neno moja tu: tumuwahi, tumuwahi.

Karakana ilikuwa imefungwa kwa mbele. Pikipiki ya Benson ilikuwa ubavuni, injini bado ina moto. Inspekta alizunguka nyuma mbio, bastola mkononi.

Benson alikuwa mlangoni mwa stoo ya mbao, amembeba bibi kizee aliyevaa nguo nyeupe. Kichwa cha bibi kilining'inia, macho yamefumba.

"Mlaze chini polepole!"

Benson alimlaza. Kisha akakaa palepale kwenye unga wa mbao, akalia. "Nilikuwa nampeleka hospitali, afande. Naapa. Sikuweza tena. Hata uji ni mie, Mtumishi hakuniagiza."

"Hayo utayaeleza kwenye maandishi."

Bi Hamida alikuwa ameshapiga magoti. Aliweka shavu lake puani mwa rafiki yake, kama alivyowahi kufanya kwa mamia ya wanawake, na mara zote hizo hakupata kitu. Safari hii alipata pumzi. "Yupo!" alipiga kelele. "Yupo, yupo!" Inspekta wa polisi, mwenye miaka kumi na sita kazini, aligeukia ukuta akafuta macho.

Saa kumi jioni Mtumishi Benjamin aliketi mbele ya Inspekta. Alionywa kisheria kwamba si lazima aseme lolote, na kwamba atakalosema linaweza kutumika mahakamani. Alisema. Watu waliozoea kipaza sauti hawawezi kunyamaza muda mrefu.

"Nani alikata mgomba?"

"Mie."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanapungua. Mwaka jana nilitabiri mafuriko, hayakuja. Nikaona Mwalimu anadhoofika. Miguu imevimba, haoni vizuri. Nikajua hafiki mwisho wa mwezi. Nikataja siku."

"Ijumaa."

"Ijumaa. Watu walirudi, afande. Ukumbi ulijaa! Walikuwa wanahesabu siku pamoja na mie." Alitazama mikono yake. "Alfajiri ya Ijumaa nikaenda chumbani kwake. Aliamka, akaniamkia vizuri, akaomba uji."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Ningewaambia nini watu?" aliuliza Benjamin. "Walishaanza kuimba nje. Nikamwambia Mwalimu anahitaji mahali pa utulivu, nikampeleka Tegeta kabla hakujapambazuka. Mie si muuaji. Sikumgusa."

"Ulimnyima dawa miezi minane. Ukamfungia stoo. Ulikuwa unangoja nini?"

"Siku yake."

"Na mtu mwenye akili zake, mwalimu aliyefundisha miaka arobaini, alikutii vipi hivyo?"

"Mwanzoni alikuwa msumbufu. Kila Ijumaa anataka kwenda langoni, eti Hamida anakuja. Mwezi wa tatu nikamwambia Hamida amefariki na ameshazikwa. Alilia wiki nzima. Baada ya hapo hakusumbua tena."

Inspekta alikuwa ameona maiti nyingi, na wauaji wengi pia. Hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia huyu, na alilisema hilo mbele ya Sajenti Mudathir bila kuficha.

Asubuhi ya Jumapili daktari alipiga simu: mgonjwa amezinduka, sukari imeshuka, anaongea. Inspekta alifika wodini akihema, akamkuta Bi Hamida mlangoni na chupa ya chai, anangoja ruhusa.

"Mama, usiingie kwanza. Anajua umekufa."

"Mie?"

Inspekta alimweleza kwa maneno machache. Bi Hamida aliegemea ukuta. Alikaa chini pale koridoni, akaikumbatia chupa.

Inspekta aliingia peke yake, amwandae mgonjwa taratibu. Mwalimu Kokuberwa alikuwa amekalishwa na mito, mdogo kuliko kitanda, lakini macho yalikuwa makavu na makali, macho ya mtu aliyesahihisha madaftari mengi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye askari?"

"Ndiye. Nina swali moja, ukichoka tutaacha. Lile lango la Boko, mchana lilikuwa linafungwa?"

"Hapana. Halina hata kufuli."

"Basi kwa nini hukutoka?"

Mwalimu alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi asiyeelewa hesabu nyepesi.

"Mume wangu amekufa. Mtoto sina. Hamida naye alikufa mwezi wa tatu, hata kumzika sikuruhusiwa. Ningetoka, mwanangu, niende kwa nani?"

Mlango ulisukumwa. Bi Hamida alikuwa ameshindwa kungoja.

"Kwangu, Koku," alisema. "Ungekuja kwangu."