Kikombe cha Manjano

"Huo hauuzwi, mama."

"Sasa kama hauuzwi, unafanya nini dukani?"

Anastasia, msimamizi wa duka, alicheka kidogo. Alikuwa Mkenya wa Kakamega, na tangu huyu mama wa Kihindi aingie alikuwa amemsikia akinung'unika peke yake kwa Kiswahili cha Tanga, kwa hiyo Kiingereza walikwisha kukiweka kando wote wawili. Alimweleza kwamba ule mkebe wa stili kwenye rafu nyuma ya kaunta umewekwa pale na mzee mmoja anayejitolea chumba cha nyuma, ndiye anayefungua mifuko ya watu na kuchambua vitu. Ameubandika karatasi: USIGUSWE. Hii ni wiki ya pili. Mara tatu Anastasia amemwambia duka la hisani, linalouza vitu watu walivyotoa bure, halimwekei mtu akiba, na mara tatu mzee amemjibu kwamba anajua.

Yule mama, Kalpana, hakuhitaji kuushika ili aujue. Ni mkebe wa viungo, wa mviringo, ndani yake vikombe saba vidogo, na mfuniko umebonyea upande mmoja tangu mwanawe Hemal alipoufanya ngoma akiwa na miaka mitatu. Umekaa kando ya jiko lake miaka thelathini na minane. Sasa ulikuwa hatua mbili kutoka mkononi mwake, na kuna mzee hataki uguswe.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, na Jumamosi ile alikuwa anahama kutoka nyumba ya mwanawe, Walthamstow, London, kwenda kwenye fleti yake mwenyewe ya chumba kimoja Thamesmead. Poonam, mke wa Hemal, alijitolea kumsaidia kufunga mizigo. Poonam ni binti mwema, hilo tuseme mapema, ila ana ugonjwa wa kupenda nyumba nyeupe isiyo na kitu. Aliona boksi la vyombo vya zamani, akaona mkebe uliogeuka rangi kwa manjano, akavipeleka dukani pamoja na mapazia. Kalpana alipouliza, aliomba radhi sana, tena kwa moyo, lakini hakukumbuka ni duka lipi. Mtaa ule wa sokoni una maduka ya hisani kila baada ya hatua chache.

Kwa siku tatu Kalpana alikuwa anazunguka. Na kwa kuwa aliona haya kuuliza na kutoka mikono mitupu, kila duka alinunua kitu cha fleti mpya. La kwanza alitoka na taa ya mezani, la pili na chujio na mito miwili. Hili lilikuwa la tatu, na tayari amekumbatia sahani sita zenye maua ya buluu.

"Ngoja nimwite mwenyewe," Anastasia alisema, akageukia pazia la nyuma. "Mzee Zulfikar! Njoo kidogo."

Kalpana aliziweka zile sahani juu ya kaunta. Alijiambia Zulfikar ni wengi duniani, London peke yake wanajaa basi. Kisha pazia likafunguka, akatoka mwanamume mrefu mwenye mvi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso kama alivyokuwa akiipandisha akiwa na miaka ishirini na mbili.

"Kalpana," alisema. Wala hakuuliza kama ni yeye.

"Zulfi."

Hapo inabidi turudi Tanga, mwaka 1987. Baba yake Zulfikar alikuwa na duka la vyombo, na watu wa jamii ya akina Kalpana walikuwa na desturi ambayo hadi leo hawajaiacha. Binti akiolewa, vyombo vyake vya stili huchongwa jina lake, la mumewe na tarehe, nukta kwa nukta, kwa tindo na nyundo, ili hata vikiazimwa kwenye shughuli za watu virudi kwao. Mchongaji pale dukani alikuwa Zulfikar. Alikuwa Mwislamu, Kalpana Mhindu, na walipendana miaka miwili kwa siri, wakizungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo haikuwa ya mama wa huyu wala ya mama wa yule. Baba yake Kalpana hakujua. Alimpatia mchumba wa London, Tushar, kijana mwenye kazi yake, akaikubali posa yake. Halafu akabeba vyombo vyote vya binti yake akavipeleka kuchongwa dukani kwa akina Zulfikar.

Na Zulfikar akavichonga. Vyombo hamsini na kimoja, kila kimoja Kalpana na Tushar, mkono wake mwenyewe. Siku alipovileta alimwambia mbele ya mama yake, "Dada, kagua vyombo vyako vizuri kabla havijafungwa." Kalpana akageuza uso ukutani. Hakumjibu, na hawakuonana tena mpaka adhuhuri hii, mbele ya sahani sita za maua ya buluu.

"Nilifungua mfuko nikakutana na mkono wangu mwenyewe," Zulfikar alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini na haikuwa na furaha. "Nikasema, haya, hatimaye ameutupa."

"Sikuutupa. Umechukuliwa bila mimi kujua. Siku tatu nautafuta."

"Mkebe, sawa. Na mimi je?"

Anastasia alijifanya ana kazi kubwa ya kupanga vitabu. Duka lilikuwa na mteja mwingine mmoja tu, anayejaribu viatu.

"Nilingoja stesheni mpaka saa saba mchana, Kalpana," Zulfikar aliendelea. "Treni iliondoka alfajiri ile ile, mimi nimekaa tu pale na tiketi mbili. Nilisema labda kuna kilichokuchelewesha. Wachukuzi wakala chakula chao cha mchana, wakanikaribisha. Saa saba ndiyo nikajua umesoma na umekataa."

"Sikusoma."

Kalpana aliona kwamba asipolisema sasa hatalisema tena.

"Sikukagua vyombo, Zulfi. Nilikukasirikia. Kila nilipoliona jina la yule mtu, nililiona katika mkono wako, nikasema huyu hajali, huyu amelipwa. Mama akaufunga ule mkebe, akautia ndani ya sufuria kubwa, akashona gunia. Niliufungua hapa London. Mwezi wa pili wa ndoa. Nilikuwa natafuta kikombe cha kutia manjano."

Chini ya kikombe kile, mahali ambapo hakuna mgeni angegeuza, kulikuwa na nukta ndogo zilizopangwa kwa subira: JUMATANO SAA 12 ASUBUHI STESHENI. Jumatano yenyewe ilikwisha pita miezi mitatu. Kalpana alikaa kwenye sakafu ya jiko la watu, akalia mpaka mama mkwe akadhani ni kitunguu.

"Kwa nini uliikubali kazi ile?" aliuliza. "Ungekataa. Ungemwambia baba yako unaumwa."

"Ilikuwa njia pekee ya kukuletea barua ambayo baba yako mwenyewe angeibeba mpaka ndani."

Zulfikar alikuwa anaangalia mikono yake. Halafu akatikisa kichwa, akashusha miwani machoni.

"Ni rahisi kusema sasa kwamba hukuona," alisema polepole. "Nimeishi na jibu lako miaka yote hii. Nilioa nikiwa nalo, nikazika mke nikiwa nalo. Huwezi kuja na sahani mkononi ukanipa jibu jingine." Alibandua ile karatasi ya USIGUSWE, akaikunja. "Anastasia, mwuzie."

Akarudi nyuma ya pazia.

Anastasia aliufunga mkebe katika gazeti, na alipokuwa akifunga alisema mengi bila kuulizwa, Mungu ambariki. Kwamba mzee alikuwa dereva wa basi hadi alipostaafu. Kwamba binti yake yuko Kanada. Kwamba anakuja Jumatatu na Alhamisi tu, na chakula cha mchana anakula peke yake kule nyuma, ameketi kwenye kiti ambacho bado hakijauzwa. Kalpana alishukuru, akaenda zake, sahani akazisahau, ikabidi arudi.

Jumamosi alihama. Fleti ilikuwa na dirisha la kuangalia maji na bata, taa ya mezani ilikaa vizuri, mito ikakaa vizuri, na yeye mwenyewe hakukaa vizuri hata kidogo. Alipanga viungo kwenye mkebe: bizari, haradali, pilipili, giligilani. Alipofika kwenye kikombe cha manjano alikigeuza, kama alivyokigeuza kila kilipoisha, mara mia ngapi hajui. Tushar hakuwa mume mbaya, Kalpana alimheshimu na alimlilia alipokufa. Lakini kila manjano yalipoisha alikuwa anakwenda kwa mawazo stesheni ya Tanga, na kila mara alifika stesheni ikiwa tupu. Sasa amekwisha kujua kwamba haikuwa tupu. Mtu alikuwepo mpaka saa saba. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, na asubuhi alipoamka alijisemea kwa sauti, jikoni, kwamba anamtaka. Si zamani ile. Yeye, na mvi zake, na hasira zake.

Angeweza kurudi dukani. Lakini angemkuta amevaa uso ule ule, na maneno yale yale yangegonga ukuta ule ule. Mtu aliyengoja hasadiki maneno.

Akachukua msumari na nyundo, akakaa sakafuni.

Nukta zake zilikuwa mbaya, zimepinda, nyingine zimerudiwa. Chini ya maandishi ya Zulfikar aliongeza maneno mawili tu, jina la stesheni iliyo karibu na kwake: ABBEY WOOD. Akakiosha kikombe, akakifunga, akakitia kwenye mfuko pamoja na blanketi moja, na juu ya mfuko akaandika: *Afungue Zulfikar.* Poonam alipokuja Jumapili na chapati na kujisikia vibaya bado kwa habari ya boksi, Kalpana alimwomba kitu kimoja. Apeleke huu mfuko kesho asubuhi, duka lile lile.

Poonam aliubeba mwenyewe, kwa mikono yake miwili, mpaka garini. Kalpana alimtazama kutoka dirishani akacheka, kisha akalia kidogo.

Jumatano, saa kumi na mbili kasoro, alikuwa kwenye benchi nje ya stesheni ya Abbey Wood, amevaa koti zito na sari ya rangi ya manjano, ambayo asingekuambia kwamba aliichagua kwa makusudi. Walinzi wa usiku walikuwa wanatoka kazini, wauguzi na wafagizi wanaingia. Kila treni ilipofika alisimama, akaangalia nyuso zote mpaka ya mwisho, akakaa.

Saa moja ilipita, ikapita ya pili. Kufika saa tatu alikuwa amejua kitu ambacho hakuna mtu angeweza kumwelezea, kwamba anayengoja hachoki kwa kusimama, anachoka kwa kuwatetea wasiokuja. Atakuwa amekosa basi. Atakuwa anaumwa. Atakuwa amesoma na amekataa.

Saa nne simu ikalia. Ujumbe wa Poonam, kwa Kiingereza chake cha haraka: samahani Mummy, mfuko wako niliusahau kwenye buti la gari tangu Jumapili, ndiyo naufikisha dukani sasa hivi.

Kalpana aliusoma mara mbili. Kwa hiyo hakusoma, akasema moyoni. Hajakataa. Hajasoma tu. Na hapo, kwenye benchi la Abbey Wood, ndipo alipomwelewa Zulfikar kabisa, maana yeye hakuwa na Poonam wa kumwandikia. Leo wala haikuwa zamu yake dukani. Mwenye akili angeenda nyumbani kunywa chai. Kalpana alifunga kishikizo cha juu cha koti, akabaki.

Saa saba ilipokaribia alitoka stesheni mwanamume mrefu, anatembea haraka kuliko umri wake, amevaa ndara za nyumbani. Mkononi alishika kikombe kidogo cha stili. Alipomwona alisimama, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akafuta macho kwa kiganja.

"Anastasia kanipigia," alisema. "Saa tano na nusu. Nimetoka nilivyo, nikapitia dukani."

"Naona. Miguu itaganda."

"Wewe umefika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Na mfuko ulikuwa haujafika?"

"Nilijua saa nne kwamba ulikuwa haujafika."

Zulfikar aliangalia benchi, akaangalia mikono ya Kalpana iliyokuwa myekundu kwa baridi. Akageuza kikombe, akapitisha kidole juu ya nukta zake zilizonyooka na zile za Kalpana zilizopinda.

"Kweli hukuona," alisema. Safari hii hakuwa anauliza wala hakuwa anabisha.

"Sikuona, Zulfi."

"Na leo ungengoja mpaka lini?"

"Wewe uliondoka saa ngapi?"

"Saa saba."

Kalpana aliinua macho kwenye saa ya stesheni. Ilikuwa saa saba kasoro dakika nane.

"Basi hujachelewa," alisema, akauvuta mkoba wake pembeni ili apate pa kukaa.