Ndiyo ya Bibi Zipora

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Loisi alichukua kibuyu akashuka mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mkavu, kwa hiyo wasichana walichimba mchanga, wakasubiri maji yajikusanye, ndipo wakateka kwa kata. Hayo yalikuwa maisha ya kijiji chao, karibu na Kibakwe, miaka ile ya utawala wa Mwingereza. Wenzake walipenda kumtania kwamba mdomo wake haukutulia hata mbele ya shimo la maji. Hawakusema uongo. Loisi alikuwa darasa la nne katika shule ya misheni, na jambo asilolielewa aliliuliza mpaka mwalimu akachoka.

Siku moja aliporudi kutoka mtoni alimkuta mdogo wake, Seth, amelala juu ya ngozi ya ng'ombe. Alikuwa akihema kwa shida, mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Loisi aliogopa sana. Siku chache tu zilizopita Seth alikuwa ameugua kichomi, na Bibi Zipora, aliyewalea tangu mama yao afariki, alimpeleka zahanati akapewa vidonge vyeupe. Homa ikashuka. Sasa ilikuwa imerudi, tena kali kuliko ya mwanzo.

"Bibi, vile vidonge viko wapi?" Loisi aliuliza.

"Vimekwisha. Watoto wenzake wa humu ndani nao walikuwa wanakohoa. Ningempaje mmoja, wengine wakitazama?"

Hapo Loisi akaelewa. Katika tembe lao, nyumba ndefu ya udongo walimoishi ndugu wengi, hakuna mtoto aliyekula peke yake. Karanga, maziwa, hata asali, kila kitu kiligawanywa sawasawa, na mtu mzima aliyempa mmoja akamnyima mwingine aliitwa mchoyo kijiji kizima. Bibi aligawa dawa kama alivyogawa chakula, kwa moyo mweupe kabisa.

Bibi alimbeba Seth mgongoni, wakaenda zahanati, Loisi akifuata nyuma. Dresa wa pale, yaani mtoa dawa na mchoma sindano, alikuwa Bwana Nikodemo, mchapakazi asiyejua kupumzika, lakini mkali na mwenye haraka. Alizungumza Kiswahili cha mbio na watu waliosema Kigogo nyumbani, kisha akamalizia kila mara, "Umeelewa?" Na kila mgonjwa alijibu, "Ndiyo, bwana," akaondoka na dawa yake.

"Mbukwenyi," Bibi aliwaamkia watu waliokuwa kwenye mstari. Walipomwona Seth anavyohema, wakampisha apite mbele.

Bwana Nikodemo aliweka sikio kifuani kwa mtoto, uso ukabadilika. "Huyu alikuwa anapona. Ulimpa vidonge vyote?"

"Niliwagawia watoto wote, bwana."

"Ninyi watu mnaua watoto kwa ujinga!" Nikodemo alifoka mbele ya wote. "Nilikwambia jinsi ya kumpa, nawe ukasema umeelewa."

Bibi aliinamisha kichwa. "Ndiyo, bwana," alisema kwa sauti ndogo.

Hiyo "ndiyo" ya Bibi ilimchoma Loisi kuliko matusi. "Bibi yangu si mjinga," alisema.

Bibi alimfinya mkono, tena alimfinya hasa, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

"Wewe mtoto, nani amekuruhusu kusema?"

"Shikamoo, Bwana Nikodemo. Sikuja kukuvunjia heshima. Ulimwambia Bibi kwamba dawa ile ni ya Seth peke yake?"

"Hilo kila mtu analijua."

"Sisi hatukulijua."

"Toka nje."

"Sitoki," Loisi alisema. "Hapa kila mtu anakujibu ndiyo, kwa kuwa wewe ni mkubwa na mkubwa habishiwi. Usituulize kama tumeelewa. Waambie watu wakueleze watakavyofanya wakifika nyumbani."

Nikodemo akacheka kwa dharau. Alitaka kumwaibisha mbele za watu. Alimwita Mzee Kefa, aliyekuwa ameshika chupa akijiandaa kuondoka. "Mzee, mwonyeshe mtoto huyu. Hiyo dawa utaitumiaje?"

Mzee Kefa aliitazama chupa. "Nitakunywa kidogo kila nikitaka kulala."

Ilikuwa dawa ya kuchua goti, na mtu akiinywa ni sumu. Nikodemo aliruka akamnyang'anya ile chupa. "Mbona ulisema umeelewa?"

"Ulikuwa na haraka, bwana," Mzee Kefa alijibu. "Nami niliona aibu."

Nikodemo alimdunga Seth sindano, akahesabu vidonge vipya, kisha akachuchumaa mbele ya Bibi na kuanza kusema Kigogo, lugha yake mwenyewe ambayo hakuitumia kazini tangu avae koti jeupe. Alimweleza kwamba kichomi ni kama moto wa nyikani, ukiuzima nusu utawaka tena. Wale wanaokohoa waletwe, naye atampima kila mmoja.

"Sasa nieleze wewe, mama. Utafanyaje?"

Bibi alifikiri. "Nitampa Seth peke yake, jua likichomoza, likiwa utosini na likizama. Hata akianza kucheza sitaacha, mpaka viishe."

"Na wenzake wakilia?"

"Watalia. Lakini hawatapewa."

Njiani Bibi alimgombeza Loisi kwa kujibizana na mkubwa. Hata hivyo alifanya kama alivyosema, vidonge vyote vikaingia tumboni mwa Seth, na homa haikurudi tena.

Seth alipopona, Bibi aliwapeleka zahanati watoto waliokuwa wakikohoa. Nikodemo aliwapa dawa ya maji, akaeleza. Bibi akainua kichwa.

"Sijaelewa, mwanangu. Rudia."

Watu waligeuka kumtazama. Nikodemo alirudia polepole, Bibi akamweleza naye jinsi atakavyofanya, bila kukosea. Ndipo dresa akawageukia waliokuwa kwenye mstari.

"Mmemsikia mama huyu?" alisema. "Anayeniambia hajaelewa hanidharau. Ananizuia nisimuue. Kuanzia leo mtu asiondoke hapa na dawa asiyoijua, hata mimi nikikasirika."