Wasifu wa Bibi Paulina

Kila Jumamosi Tumwagile alimsaidia mama yake mdogo, Rebeka, katika duka la steshenari kando ya barabara kuu, Mikumi. Alifagia, akafuta vumbi, kisha akawasha kompyuta ya mezani na kuisubiri. Ilikuwa kuukuu. Mama mdogo hakuchoka kumwonya: "Kumbukumbu yake ni ndogo. Fungua programu moja tu, na uhifadhi kazi kila mara. Ukiijaza, itaganda."

Jumamosi moja mama mdogo alikuwa amekwenda kununua karatasi. Akaingia Mzee Machibya, mkulima na mfugaji wa kijiji cha Ruhembe, macho mekundu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mke wangu, Paulina, tunamzika leo alasiri. Nataka wasifu wake usomwe kanisani."

Mzee akasema, Tumwagile akachapa: jinsi Paulina alivyofuatana naye kutoka Shinyanga, alivyolima mpunga, alivyozika watoto wawili na bado akaamka kuwapikia waliobaki. Sauti ilimkatika mzee mara kwa mara. Walipomaliza, alitoka nje kupokea simu.

Hapo kiherehere kikamponza Tumwagile. Alifungua muziki, kisha programu ya picha atazame picha zake za sikukuu. Kompyuta ikaganda. Akabonyeza hapa na pale, wapi! Alipoizima na kuiwasha upya, wasifu haukuwapo. Hakuwa amehifadhi hata neno moja.

Mzee akarudi. "Tayari?"

"Umeme ulikatika, babu," alisema haraka. "Kila kitu kimepotea."

Mzee Machibya hakugomba. "Kama ni umeme, nimlaumu nani? Tukianza upya utakatika tena, na watu wananingoja msibani. Basi, tutamzika hivyohivyo, bila kusomewa."

Akachukua kofia yake. Tumwagile alimtazama akielekea mlangoni, mabega yameshuka. Akamkimbilia.

"Babu, nisamehe! Umeme haukukatika. Nilifungua muziki na picha, kompyuta ikazidiwa. Tafadhali niambie tena, nitaandika upya."

Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi. Maneno yale yalikuwa mazito kuyasema mara moja, sembuse mara mbili. Mwishowe akaketi.

"Haya, andika," alisema.

Safari hii Tumwagile alihifadhi kila aya. Walipofika kwenye habari za wale watoto waliozikwa, yeye na mzee walilia.

Mama mdogo alirudi printa ikitoa ukurasa, akaelezwa yote. Alimpa mzee pole, akamsindikiza hadi nje, kisha akamgeukia Tumwagile.

"Mashine hii nilikwambia uwezo wake, ukaupuuza. Hilo ni kosa, na kazi iliyopotea huandikwa upya. Lakini uongo wako nusura umnyime Bibi Paulina heshima yake ya mwisho, na mazishi hayarudiwi. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu hajaondoka."

"Nimekosa, mama. Sitarudia."

"Haya, funga duka. Twende tukamzike."