Tabasamu Kwenye Tangazo la Mnada

"Dada, huyu si wewe?"

Mteja alimpitishia simu kwa nyuma bila kugeuka, maana nusu ya kichwa ilikuwa imeshasukwa na nusu bado kichaka. Msusi akaitazama. Ilikuwa nyumba yao, mlango wa bluu, maua kwenye ndoo kuukuu za rangi, na yeye mwenyewe kasimama mlangoni na gauni la kutokea, anacheka hadi magego yanaonekana. Juu yake, kwa herufi nyekundu: MNADA WA HADHARA.

Akakiweka kitana chini.

Aliikumbuka siku ile vizuri. Bwana mmoja mwenye kamera alikuja wiki tatu nyuma, na mumewe, fundi rangi ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, akamwambia ni mtu wa bima. Basi mama wa watu akajitia ukarimu. Akamkamulia mgeni juisi, akamtembeza hadi bafuni aone vigae vipya, akakimbia kubadili nguo, kisha akaomba na yeye apigwe picha, bima wasije wakadhani nyumba haina mwenyewe.

Alimwomba mteja radhi, akalituma tangazo kwenye simu yake mwenyewe, akamwacha na nusu kichwa chake, akaenda nyumbani karibu anakimbia. Brashi alikuwa juu ya ngazi, anapaka fremu ya dirisha. Alipoonyeshwa simu hakushuka.

"Hujalipa mkopo miezi mingapi?"

"Saba."

"Na barua za benki?"

"Zimo kwenye kopo la vanishi."

Kumbe kampuni ya ujenzi ilimwachisha kazi zamani. Kila asubuhi alitoka na ovaroli lake kwenda kuzungukia vibarua asivyovipata, na jioni akarudi na madoa mapya.

"Yale madoa yalitoka wapi?"

"Nilijipaka mwenyewe."

Na yeye ndiye aliyeyasugua, kila Jumamosi, mpaka vidole vikachubuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku tuliyopewa funguo ulisema hapa hakuna mwenye nyumba wa kutugongea. Ukalia. Nikashindwa kukupokonya hilo."

"Nyumba inachukuliwa na benki," msusi alisema. "Lakini hii miezi saba umenichukulia wewe."

Akampigia afisa mikopo, akaambiwa faili limeshakwenda kwa dalali. Dalali akasema yeye ametumwa tu, aongee na benki. Akarudi benki, na safari hii simu ikamwimbia muziki mpaka salio likakatika. Baadaye ukaingia ujumbe: "Mteja wetu mpendwa, je, umeridhika na huduma yetu leo? Jibu 1 kwa NDIYO." Namba ya hapana hawakuiweka.

Akaingia chumbani, akashusha sanduku. Brashi akamfuata, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba maji.

"Unakwenda kwa dada yako?"

"Ndiyo. Ana chumba cha uani."

"Sikulaumu."

"Sogea. Umekanyaga ovaroli lako, na lenyewe linaingia humu."

Brashi aliinama kuliokota, na hakuinuka haraka.

"Unanichukua na mimi?"

"Nina hasira na wewe mpaka kwenye kucha. Nikikuacha, hasira hizi nitampa nani?" Akalikunja ovaroli. "Ila ukijipaka rangi tena na kazi huna, utafua mwenyewe."

Asubuhi, sanduku likiwa tayari getini, yule bwana wa kamera akarudi. Hakuweza kumtazama msusi usoni. Akaeleza kwamba ile picha ya kwanza dalali ameikataa, kwani wanunuzi wanasita wakiona mtu ndani yake.

"Mama, naomba safari hii usogee kidogo."

Akasogea.

"Kidogo tena. Kivuli chako bado kinaingia."

Alitaka kumwambia kwamba mlango ule aliichagua rangi yake yeye, akabishana na mumewe siku mbili. Akarudi nyuma mpaka barabarani. Brashi akaiacha ngazi yake pale getini, akaja kusimama ubavuni mwake na kumshika mkono. Mkono ule ulikuwa safi, hauna hata doa. Msusi hakuuachia.

"Hapo hapo," bwana wa kamera akasema. "Sasa hamuonekani."