Karatasi za Kufungia Bagia

Saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko ikilia, wanafunzi wa shule moja ya msingi kule Mkonze, nje kidogo ya mji wa Dodoma, walikimbilia meza ya mama Edina. Mama Edina aliuza bagia za moto, akazifunga kwenye karatasi za kompyuta zilizokwisha kuchapwa upande mmoja. Darasa la sita walikuwa na mchezo wao. Ukimaliza kula, unakunjua karatasi yako na kuwasomea wenzako kilichoandikwa. Mara barua ya kuomba kazi, mara ratiba ya mitihani ya chuo, mara mkataba wa kupanga chumba. Walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Erica alikuwa mstari wa mbele katika mchezo huo, tena kwa majivuno, kwa sababu karatasi zile alizileta yeye. Kila Ijumaa akitoka shule alipitia steshenari ya Fredy, kijana aliyekuwa akichapa barua na kutoa kopi kando ya barabara. Watu wengi wa mtaa ule walikuwa na simu za kitochi tu, kwa hiyo Fredy ndiye aliyewaingiza kwenye mtandao kulipa kodi ya biashara zao. Karatasi zilizotoka vibaya alizitupia kwenye boksi. Boksi likijaa, Erica alilibeba hadi kwa mama Edina. Fredy alimpa kalamu, mama Edina alimpa bagia tatu. Kilichoandikwa humo hakikumhusu.

Jumanne moja zamu ya kusoma ikamfikia Joel, mtoto mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira. Akapangusa mafuta kwa kiganja, akakohoa kidogo, akaanza.

"Evodia Mazengo. Amezaliwa tarehe tisa, mwezi wa pili, mwaka elfu moja mia tisa themanini na moja. Kazi, fundi cherehani."

Erica akaacha kutafuna. Evodia Mazengo ni mama yake. Joel hakusita. Alisoma namba ya kitambulisho cha taifa, tarakimu moja moja, akasoma namba ya mlipakodi, akasoma na ya simu. Chini kabisa palikuwa na mwandiko wa kalamu, na hapo akapunguza mwendo ili wote wasikie vizuri: "Neno la siri, Erica2013."

Darasa zima likamgeukia Erica, kisha kicheko kikapasuka. Erica alimpokonya Joel karatasi. Jina la mama yake lilikuwa limelowa mafuta, na doa la pilipili lilikuwa limekaa juu ya tarehe ya kuzaliwa. Kinyaa kilimshika, kinyaa cha mtu anayekuta nguo za mama yake zimetupwa jalalani.

Alipotoka shule alikwenda moja kwa moja kwa Fredy. Alimkuta anakula muwa na kutema makapi sakafuni, pale pale wateja wanaposimama. Erica akamwonyesha karatasi. Fredy aliitazama mara moja tu. Akasema maneno ya siri huyaandika kwa sababu wateja wake ni wasahaulifu, na karatasi ikiharibika ni takataka, haina mwenyewe.

"Halafu mdogo wangu, aliyezibeba ni nani?" akaongeza, akitema tena. "Mbona kalamu ulipokea?"

Juu ya kaunta, daftari la Fredy lenye majina na maneno ya siri ya wateja wote, kila mteja na ukurasa wake, lilikuwa wazi. Mwanamume mmoja aliyekuwa akingoja kopi zake alikuwa akilipitia ukurasa kwa ukurasa, kama mtu asomaye gazeti la bure.

Njiani, shetani alimshauri. Aichome ile karatasi, anyamaze. Mama yake hali bagia za shuleni, angejulia wapi? Lakini lile neno la siri lilikuwa bado linafanya kazi, na watoto arobaini walikuwa wamelisikia. Alipofika nyumbani alisimama mbele ya cherehani, akaeleza yote, pamoja na habari ya boksi na kalamu.

Mama Erica aliondoa mguu kwenye pedeli. Hakufoka. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole viwili, akainusa, uso ukamkunjamana.

"Mmesoma za watu wangapi?" akauliza.

Erica akakumbuka. Ilikuwapo barua ya mzee mmoja aliyeomba ruhusa kazini amuuguze mkewe, nao waliisoma kwa kuigiza kilio. Siku ile alicheka kuliko wote. Sasa alijichukia kwa kicheko kile. Akasema hakuzihesabu.

Jioni ile ile mama alimchukua wakaenda kwa mama Edina, wakaomba karatasi zote zilizobaki. Mama Edina hakujua kusoma vizuri, na alipoelezwa alijifuta mikono kwenye kanga kama aliyeshika uchafu. Kutoka hapo wakaenda kwa Fredy. Mama Erica alisimama kwenye kaunta, hakuondoka mpaka Fredy alipochomoa kurasa za daftari lake na kumkabidhi mbele ya wateja waliokuwapo. Kisha Erica akapita nyumba kwa nyumba akiwarudishia wenyewe karatasi zao na kurasa zile, na kila mlango alipaswa kusema, "Shikamoo. Karatasi hizi nilizibeba mimi. Naomba mnisamehe, na mbadilishe neno la siri." Wengine walimwitikia vizuri. Mmoja alimfungia mlango usoni.

Kesho yake asubuhi mama alimwombea ruhusa shuleni, wakaenda ofisi ya kodi mjini. Ofisa wa dawati la msaada alikagua akaunti, akasema haijaguswa. Kisha akamwelekeza mama aangalie kwa simu yake ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Zikaja mbili. Moja ilikuwa yake. Ya pili hakuijua kabisa.

"Kuna mtu anatembea na jina langu," mama alisema polepole.

Ofisa akamwambia aende siku hiyo hiyo kwenye duka la kampuni ya simu akaikane, nayo itafungwa. Mama akaitikia, kisha akamgeukia Erica.

"Laini itafungwa, na neno la siri nitabadilisha. Namba ya kitambulisho sibadilishi, mwanangu, nitazeeka nayo. Aliyeisoma ameshaisoma. Ukiona karatasi yenye jina la mtu, hata iwe imechanika, hata iwe imetupwa, usiiite takataka. Mrudishie mwenyewe, au ichane asiweze kuisoma mtu. Na chako usimwandikie yeyote kwenye daftari lake."

Ofisa alimsogezea kibodi, akatazama pembeni. Mama alinyoosha vidole, akasita, akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama begani kwake.

"Geuka, Erica," akasema.

Erica akageukia ukuta. Akasikia mama anabonyeza herufi moja moja, taratibu. Neno lile safari hii halikuwa jina lake, hilo alilijua. Hakuuliza ni lipi.